Hukufukuzwa, Ulikimbia

Kazi yangu ya kwanza niliiacha siku ya 19. Ilikuwa ofisi ya wakala wa forodha hapa mjini Mombasa, nami nilikuwa karani wa kupanga karatasi za makontena. Bosi aliniita. Nilikuwa nimekosea namba moja. Hakunitukana, hakupaza sauti. Alikuwa anaisoma tu ile karatasi huku akigonga peni mezani: ko, ko, ko. Nikamwambia naenda msalani. Nikachukua magongo yangu, nikashuka ngazi, nikapanda matatu mpaka feri. Sikurudi. Hata pesa za zile siku sikwenda kuzidai.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba nilifukuzwa kwa sababu ya mguu. Siku moja nikamsimulia mzee mmoja tuliyekuwa tukinywa naye kahawa Mwembe Tayari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamwaga masimbi ya kikombe chake, akasema, "Mwanangu, weye hukufukuzwa. Ulikimbia."

Nilikasirika wiki nzima.

Nilizaliwa na mguu mmoja mfupi, nikalelewa kwa ami huko Likoni. Wageni wakija nilitiwa chumba cha uwani na mlango ukarudishwa. Nikisikia vikombe na vicheko, harufu ya udi ikipenya chini ya mlango, nami nimeshaambiwa nisikohoe. Arusi za nyumba ile nazijua kwa masikio tu. Shule nilianza nina miaka 10, nikakaa dawati moja na watoto wadogo. Na ami akitaka kunitia adabu, alichukua gongo langu mwenyewe akaligonga kwenye sakafu ya saruji mara tatu kabla hajanipiga. Ko, ko, ko.

Basi ile peni haikuwa peni.

Kati ya 1995 na 1997 huko California, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walianza kuwauliza watu wazima, ambao mwishowe walizidi 17,000, mambo yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18: kupigwa, kutukanwa, kuishi na mlevi na mengineyo. Waliopitia mengi ndio waliokuwa na maradhi mengi ukubwani. Wale ni Wamarekani wenye bima, na hakuna aliyewauliza kama waliwahi kufichwa uwani kwa ajili ya mguu. Tena hesabu zile si ramli ya kumpigia mtu mmoja. Anda mwenyewe alionya zisitumiwe hivyo. Lakini mimi zilinisaidia kuacha kujiita mvivu.

Sasa wewe mwenzangu unayehama kazi kila baada ya miezi miwili, chukua karatasi. Andika kila kazi uliyoiacha au uliyoikosa: nani alisema nini siku ya mwisho, na mwili wako ulifanya nini. Mimi niliandika kazi nne. Tatu nilikimbia. Ya nne meneja aliyaona magongo mlangoni akasema nafasi imejaa, na kesho yake tangazo bado lipo. Hiyo si yangu, ni yake, na sitaki mtu asome hapa kisha aseme shida ya walemavu imo vichwani mwao. Ndiyo maana ya ile karatasi: utenge lako na lao.

La pili, kujifunza kuomba, ndilo lililonichukua muda zaidi. Mtoto aliyefunzwa asikohoe hukua akawa mtu mzima asiyeweza kuomba kiti. Niliwahi kuitwa mahojiano ghorofa ya nne, nikakuta lifti mbovu, nikageuza nikarudi nyumbani bila kupiga simu. Safari nyingine nilijifunza sentensi moja kwa moyo, kama dua: "Natembea kwa magongo, lifti haifanyi kazi, naomba tuonane hapa chini." Mkono ulinitetemeka nilipopiga. Yule mama akashuka na faili lake, tukahojiana kwenye benchi la askari wa getini, huku askari naye akitikisa kichwa kila nikijibu vizuri. Kazi nilipata.

Hapo ndipo nilipozoea kuomba. Siku za bamvua, maji yakitoka, mteremko wa kivukoni huwa mkali na unateleza, na magongo hayana breki. Nimeomba siku hizo niingie saa mbili na nusu badala ya saa mbili, nifidie jioni. Walikubali kwa dakika moja. Miaka yote nilikuwa nikidamka alfajiri kwa jambo la dakika moja!

Mambo ya karatasi nayasema kwa ufupi. Pimwa hospitali ya serikali, ujisajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, upate kadi. Ukiajiriwa, uombe na cheti cha msamaha wa kodi, ambao ni kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Usiende kuwasomea kifungu siku ya mahojiano, lakini ukijue.

Na kama yaliyokupata utotoni bado yanakuamsha usiku, tafuta mshauri nasaha. Mimi nilikwenda mara sita, na mara mbili za kwanza sikusema kitu. Ukijua nyumba ambayo mtoto anafichwa kama nilivyofichwa, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Meneja wangu wa sasa naye ana tabia ya kugonga peni. Mwezi wa pili nilimwambia kwa nini inanisumbua, kwa maneno machache tu, hadithi ya ami sikuitaja. Nikiingia huiweka chini. Akisahau, naichukua mkononi mwake, naendelea na hesabu za makontena.