Kabla ya Kinshasa Kulikuwa na Le Cannet: Barua kwa Kocha Anayesubiri Simu

"Shikamoo mwalimu. Nina leseni C ya CAF, nafundisha timu ya First League, daraja la tatu, mkoani kwetu. Nifanyeje nipate timu ya Ligi Kuu? Kuna timu ya Kigoma imeniita lakini naona nikienda huko nitapotea, hakuna anayeangalia."

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe huu ulinifikia baada ya kuandika mistari michache kuhusu Sébastien Desabre, Mfaransa aliyekuwa anaifundisha Kongo ya Kinshasa, usiku ule wa Novemba 2025 Kongo ilipoitoa Nigeria kwa penalti mjini Rabat. Nilidhani watu watajadili penalti ya mwisho ya nahodha wa Kongo, Chancel Mbemba. Badala yake wakanijia makocha wenzangu wa madaraja ya chini, kila mmoja na dukuduku lake, na wengi walikuwa wanauliza hili hili la huyu kijana. Namjibu hapa ili nisijibu mara ishirini kwenye simu.

Kwanza mjue huyo Desabre, kwa sababu sisi Watanzania tumekutana naye kuliko tunavyokumbuka. Alikuwa benchi la Uganda tulipotoka suluhu Kampala Septemba 2018. Alikuwa hapo hapo Machi 2019 pale kwa Mkapa, Msuva, Nyoni na Aggrey Morris walipofunga, tukashinda 3-0 na kurudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Siku hiyo tulimcheka. Hatukutaka kukumbuka kwamba Uganda ilikuwa imeshafuzu tangu Novemba, ilikuja Dar ikiwa na tiketi yake mfukoni. Januari 2024 tukakutana naye tena Korhogo akiwa na Kongo, 0-0, tukatolewa sisi, yeye akaenda hadi nusu fainali. Oktoba mwaka huo akatufunga mara mbili ndani ya wiki moja: 1-0 Kinshasa kwa bao tulilojifunga wenyewe, kisha 2-0 hapa hapa nyumbani, Meschack Elia akifunga yote mawili wakati watu wameshaanza kutafuta daladala.

Sasa swali ambalo kijana wangu hakuuliza: huyu mtu alitoka wapi?

Alizaliwa Valence mwaka 1976. Hakuwa mchezaji mwenye jina. Mwaka 2006 alianza kufundisha ES Cannet-Rocheville, klabu ya Le Cannet, mji uliobanana na Cannes ile ya tamasha la filamu. Msidanganywe na jirani. Ufaransa juu kuna Ligue 1, chini yake Ligue 2, halafu National, halafu yale madaraja ambayo hadi 2017 yaliitwa CFA na CFA2 na sasa ni National 2 na National 3, na chini yake ligi za kanda. Cannet-Rocheville iliishi huko chini, ambako wachezaji wengi wanakuja mazoezini jioni wakitoka kazini, na kocha anajua nani ana zamu ya usiku kabla hajajua nani ana jeraha. Alikaa huko miaka minne. Hakuna kamera, hakuna mchambuzi wa redioni anayetaja jina lako, na mechi ya Jumamosi wanaijua watu wa mtaa tu.

Nikiisoma habari hiyo mimi naona First League yetu. Tofauti ni kwamba wao uwanja una nyasi.

Mwaka 2010 akaondoka. Hakwenda Lyon wala Marseille, hakuna aliyemwita huko. Alikwenda Abidjan kufundisha ASEC Mimosas, klabu iliyowalea akina Kolo na Yaya Touré. Kutoka hapo akaenda Garoua, kaskazini mwa Cameroon, mji wa pamba, kwenye timu ya Coton Sport. Akapita Espérance ya Tunis kwa muda mfupi. Akaenda Angola kwa Recreativo do Libolo. Akaenda JS Saoura, na hii mtafute kwenye ramani: Béchar, kusini magharibi mwa Algeria, unakoanzia mchanga wa jangwa. Baadaye Wydad Casablanca, akaondoka mapema 2017, na mwaka huo huo Wydad ikawa bingwa wa Afrika chini ya Hussein Ammouta. Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Umeondoka mlangoni, na nyuma yako wanaleta kombe. Wengine wangeacha kazi wakauze vifaa vya ujenzi. Yeye akachukua Ismaily ya Misri, na mwisho wa mwaka akakubali Uganda, ambayo kocha wake wa awali, Micho, alikuwa ameondoka akilalamikia mishahara.

Unaona orodha hiyo? Garoua, Béchar, Kampala. Hapo ndipo "hakuna anayeangalia", kijana wangu. Na hapo ndipo alipojifunza kazi.

Nina sababu yangu ya kusema haya kwa hasira kidogo. Kuna klabu niliipandisha. Niliichukua ikiwa timu ya mkoa, tunafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi hadi mwalimu mkuu atufukuze, vizibao vya mazoezi nilinunua kwa pesa yangu, na mke wangu alivifua. Tukawa mabingwa wa mkoa, tukaenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, tukapanda. Mji ulikesha. Mwenyekiti alinibeba mabegani, picha ninayo. Wiki chache baadaye nikasoma kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki kwamba klabu "imemshukuru kocha" na inamleta mwalimu mwenye uzoefu wa daraja hilo. Kwenye kundi la mashabiki! Mimi nilikuwemo kwenye kundi hilo, nilikuwa nimeweka picha ya kombe asubuhi ile.

Tulifundishwa kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kwenye ukocha methali hii sijaiona ikifanya kazi. Anayecheza kwao wanamjua alivyokuwa akikimbia peku, wanajua deni lake dukani, na hawawezi kuamini kwamba kichwani mwake kuna kitu ambacho wao hawana. Ufaransa ni vile vile. Hervé Renard, yule wa shati jeupe aliyeipa Zambia kombe la Afrika 2012 na Ivory Coast 2015, alianzia Draguignan huku akiamka usiku kufanya kazi ya usafi na kubeba takataka. Alipopewa Sochaux, ikashuka daraja. Alipopewa Lille, hakumaliza hata mwaka. Nyumbani walimwona mtu wa Afrika. Afrika ilimwona kocha.

Basi nikaondoka. Nilikwenda mkoa wa mbali, sitautaja, ila ukipanda basi alfajiri unafika ukiwa umesahau ulipanda na nani. Marafiki zangu wa Dar waliniambia nimejizika. Kule hakuna mtu aliyekuwa anajua nilicheza namba gani utotoni. Nilipowaambia wachezaji tutakabia juu, karibu na goli la wapinzani, walikabia juu. Nilipomwambia katibu nataka timu ilale mapema siku moja kabla ya mechi ya ugenini, alitafuta nyumba ya wageni badala ya kuniuliza mimi ni nani. Tulinusurika kushuka, msimu uliofuata tukamaliza nafasi za juu, na simu ya Championship, daraja la pili, ikaja. Leo nafundisha Championship. Ile klabu niliyoipandisha iko wapi? Sitaki kusema mengi. Tafuteni msimamo wenyewe.

Narudi kwa Desabre maana kuna jambo vijana hawalitazami. Huyu mtu alirudi Ufaransa pia. Desemba 2020 alichukua Chamois Niortais ya Ligue 2, ikiwa kwenye hali mbaya. Msimu ule Niort ilibaki Ligue 2 kwa mechi za mchujo dhidi ya Villefranche: walifungwa 3-1 ugenini, wakashinda 2-0 nyumbani, wakapona kwa bao la ugenini. Bao moja hilo! Ukiniuliza mimi, mechi mbili hizo zilimfundisha mambo ambayo Kongo imeyatumia baadaye. Alipopewa Kongo Agosti 2022, ilikuwa imeshapoteza mechi zake mbili za mwanzo za kufuzu AFCON, kwa Gabon nyumbani na kwa Sudan ugenini. Alimaliza akiongoza kundi. Kwenye fainali zenyewe alitoka sare mechi zote tatu za makundi, akaitoa Misri kwa penalti, golikipa Lionel Mpasi akipiga ya mwisho, kisha akaifunga Guinea 3-1. Wachambuzi wetu walisema ana bahati. Mtu aliyenusurika kushuka daraja kwa bao la ugenini haiiti hiyo bahati, anaiita kazi ya wiki nzima.

Sasa ushauri, maana najua mmekuja kwa hilo.

Nenda. Ukiitwa Kigoma, nenda Kigoma. Ukiitwa Songea, nenda. Usikae Dar unahudhuria kila mechi ya Simba na Yanga jukwaani ukivaa fulana ya kocha, ukidhani kiongozi fulani atakuona na kukumbuka kwamba upo. Kocha anaonekana kwa timu yake inavyocheza. Etienne Ndayiragije alitoka Burundi akaja Mwanza kuifundisha Mbao FC, timu ambayo wengi walikuwa wanaitania kwa jina lake tu. Mwaka 2017 akaipeleka fainali ya Kombe la Shirikisho pale Dodoma, ikafungwa na Simba 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Kutoka Mbao akaenda KMC, akaenda Azam, na 2019 akawa anaifundisha Taifa Stars. Aliacha nchi yake. Wewe unaogopa kuacha mkoa.

Tafuta vyeti. Hili wazee wenzangu hawapendi kulisikia, lakini dunia imefika huko. Ufaransa, Will Still alipoifundisha Reims 2022 bila leseni ya juu, klabu ililipa faini ya euro 25,000 kwa kila mechi. Reims ilikuwa na uwezo wa kulipa. Klabu yako haina hata ya kulipa maji. Leseni C ni mwanzo tu, kijana. Nafasi za kozi zikitangazwa, kopa ukasome. Mimi leseni B niliisoma huku watoto wanakula maharage kila siku, na hawakufa, na yule wa kwanza sasa ni mrefu kuliko mimi.

Na ukifukuzwa, nyamaza. Hapa najua nimetoka kusimulia yangu, ila angalieni: sijataja klabu, sijataja jina. Kocha anayekwenda redioni kumtukana mwenyekiti wake wa zamani anawatisha wenyeviti wote kumi wanaosikiliza kipindi hicho. Didier Gomes, Mfaransa mwingine aliyetwaa ubingwa wa Rwanda na Rayon Sports 2013 na wa Tanzania na Simba 2021, aliondoka Simba Oktoba mwaka ule ule wa ubingwa, baada ya Jwaneng Galaxy ya Botswana kushinda 3-1 Dar. Ubingwa haukumlinda hata miezi minne. Muda si mrefu alikuwa na timu ya taifa ya Mauritania. Kazi hii kufukuzwa kumo ndani yake, aliyekuambia vingine alikuwa anakuuzia kozi.

Kuna atakayesema: mwalimu, wewe unatufananisha na wazungu. Mfaransa wa daraja la tano akitua Abidjan anapokelewa uwanja wa ndege, Mtanzania wa daraja la tatu akienda Ufaransa ataishia kukaa jukwaani. Kweli kabisa, sibishi. Pasi ya kusafiria inafungua milango, na viongozi wetu wengi wakiona jina la kigeni kwenye CV hawasomi mstari wa pili. Linaniuma kama linavyokuuma. Lakini hiyo pasi ilimfikisha mlangoni tu. Kwa miaka kumi na mbili, kati ya kuondoka Le Cannet na kupewa Kongo, alibadilisha klabu na nchi mara nyingi, na kila alipofika ilibidi ashinde mechi ya Jumapili. Nawe una pasi yako: unajua lugha ya vijana wa Kigoma, unajua nani anakuja mazoezini bila kula. Itumie huko huko.

Kwa hiyo nenda, nasema tena. Ila usiende kama mjinga. Omba mkataba wa maandishi, hata ukiwa ukurasa mmoja. Andika nyumba ni ya nani kulipia, andika nauli ya kwenda likizo, andika nani anachagua msaidizi wako, kwa sababu msaidizi aliyeletwa na katibu atakuwa masikio ya katibu. Na andika malimbikizo yalipwe lini mkiachana. Kwenye mkataba wangu wa sasa tulizungushana wiki nzima kwa kipengele hicho cha mwisho. Walikubali nyumba, walikubali nauli, waliniongezea hadi posho ya ushindi, mradi hicho nikitoe. Sikukitoa, na walisaini.