Kabla Hujaibeba Deki kwa Fundi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Blu-ray

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanahusu deki za Blu-ray, yaani zile za diski zinazofanana na DVD lakini zenye picha ya nukta nyingi zaidi: ipi ya kununua, na kwa nini iliyokwisha kununuliwa haichezi. Nimeyafupisha, na nimetanguliza yale yanayoweza kumwokolea mtu pesa.

Nina TV ya inchi 32 na deki ya DVD ya siku nyingi. Jirani anasema nikinunua deki ya Blu-ray filamu zangu zote zitakuwa za HD. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

Si kweli, kaka. Deki inasoma kilichoandikwa kwenye diski, haiongezi kisichokuwepo. Picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576. Ya Blu-ray, ambayo ndiyo HD, ina 1920 kwa 1080, yaani mara tano. Ukiweka DVD kwenye deki ya Blu-ray, deki itaitanua picha ijae kioo, itaonekana safi kidogo, na basi.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Diski nyingi za barabarani zilizoandikwa "HD" au hata "Blu-ray" kwenye karatasi ni DVD za kuchoma. Ukiona diski moja ina filamu sita, jua picha zimebanwa vibaya sana, maana DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7 tu. Blu-ray halisi inabeba GB 25 kwa tabaka moja na GB 50 kwa mawili, na nafasi hiyo kwa kawaida hupewa filamu moja. Ubora unatoka hapo.

Kwa hiyo jiulize kwanza utacheza nini. Kama una ndugu wanaokuletea diski halisi, au uko tayari kuzinunua mwenyewe, deki ya Blu-ray itakufurahisha kwa miaka mingi, na haili bando: Netflix wenyewe wanasema saa moja ya HD inaweza kufika GB 3. Kama filamu zako zote ni za flashi na za barabarani, tunza pesa yako. Tena TV nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, kwa hiyo hata Blu-ray halisi haitaonyesha uwezo wake wote hapo. Ningeanza na TV.

Nafanya kazi Minnesota. Desemba naenda Moshi na nataka kumpelekea baba deki ya Blu-ray na filamu kadhaa. Niangalie nini? – Msomaji, Marekani

Dada, deki usiinunue huko. Inunue Tanzania, au Dubai kama ndege inapitia. Sababu ziko tatu, na kila moja peke yake inatosha kumharibia mzee sikukuu.

Ya kwanza ni umeme. Geuza deki uangalie nyuma, pale unapotokea waya wa umeme. Kuna maandishi madogo sana. Yakisema "100–240V", haina shida. Yakisema "120V 60Hz" tu, na deki nyingi za soko la Marekani ziko hivyo, ukiichomeka kwenye volti 230 za nyumbani itaungua. Utasema utanunua transfoma ya kushushia umeme. Sawa, lakini siku moja mtu atakuja kufagia, atachomoa kila kitu, na atakaporudisha ataichomeka ukutani moja kwa moja.

Ya pili ni kanda. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia ili diski ya soko moja isichezwe kwenye soko jingine. Blu-ray zina herufi tatu: A ni Marekani, Japani, Korea na majirani zao, B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia, C ni India, China na Urusi. DVD zina namba: Marekani ni 1, Ulaya na nchi za Ghuba ni 2, Tanzania na Kenya ni 5. Deki ya Minnesota itakuwa ya A na 1, kwa hiyo shangazi akileta diski iliyofungwa B kutoka London haitacheza. Na wewe pia uwe macho na filamu utakazobeba: ukimnunulia mzee deki ya Tanzania, diski iliyofungwa A itakataa. Soma mgongo wa kasha, kuna alama ndogo yenye herufi. Studio nyingi hazifungi diski zao, na zile zenye herufi zote tatu zinacheza popote. Diski za 4K, yaani Blu-ray za kizazi kipya zenye nukta nyingi kuliko HD, hazina kanda kabisa.

Ya tatu ni mfumo wa picha. DVD za kwetu nyingi ni PAL. Deki nyingi za Marekani zimezoea NTSC, mfumo wa huko, na huikataa PAL, wakati deki za kwetu kwa kawaida zinapokea zote mbili. Mzee akiwa na DVD za kwaya au za harusi ya mdogo wako, hatazielewa sababu. Ataona tu kuwa zawadi yako haichezi diski zake.

Deki inazunguka, inakwaruza mara mbili tatu, halafu inaandika "No Disc". Fundi anataka kubadilisha lenzi. – Mama wa Mbagala

Mama, usitoe hela bado. Fanya jaribio dogo. Weka DVD halisi, kisha CD ya muziki, kisha Blu-ray mbili tofauti, na uandike kipi kimesoma.

Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba deki ya Blu-ray inatumia mwanga wa leza wa aina tatu: wa buluu-zambarau kwa Blu-ray, mwekundu kwa DVD, na mwingine usioonekana kwa macho kwa CD. Kama DVD na CD zinacheza lakini Blu-ray zote zinakataa, leza ya buluu imechoka au lenzi ina vumbi. Kama inakataa moja tu, tatizo ni hiyo diski. Kama haisomi chochote, inaweza kuwa vumbi, unyevu au mota.

Anza na diski. Kwenye DVD, taarifa zimelala milimita 0.6 ndani ya plastiki. Kwenye Blu-ray ni milimita 0.1 tu kutoka juu. Ndiyo maana Blu-ray zimepakwa tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo, na ndiyo maana ile dawa ya mtaani ya kusugua CD kwa dawa ya meno usiijaribu hapa hata siku moja: utaliondoa tabaka hilo, na diski itakuwa imekufa. Chukua kitambaa laini kisicho na nyuzi, kama kile cha kufutia miwani, kilowe maji kidogo, na ufute ukitoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe. Mkwaruzo unaokwenda kwa mzunguko unaharibu taarifa nyingi zilizofuatana. Unaokwenda ukingoni unagusa kidogo tu kila sehemu.

Kisha unyevu. Dar na Mombasa hili ni la kawaida: deki imekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, ukaihamishia sebuleni kwenye joto, lenzi ikapata umande. Iwashe bila diski, iache saa mbili, ujaribu tena.

Ikibaki vumbi, mwache fundi afungue na kusafisha tu, kwa kijiti cha pamba na spiriti ya kusafishia vifaa, bila kukandamiza. Lenzi ni kitone kidogo kilichokaa juu ya nyaya nyembamba sana, kidole kizito kinaipindisha. Diski za kusafishia zenye vibrashi, zilizotengenezwa kwa ajili ya CD, sizipendekezi, kwa sababu lenzi ya Blu-ray iko karibu mno na diski. Na kama mwisho wa yote leza yenyewe imekufa, uliza bei ya kubadilisha na bei ya deki nyingine kabla hujakubali. Mara nyingi hazipishani sana.

Filamu inaanza vizuri, ikifika dakika ya 20 hivi sauti inakatika na kuna maandishi kuhusu Cinavia. Picha inaendelea. Nibadilishe waya? – Msomaji, Nakuru

Waya hauhusiki, na deki ni nzima. Cinavia ni alama iliyofichwa ndani ya sauti ya filamu, sikio haliisikii, lakini deki inaisikia. Deki za Blu-ray zilizotengenezwa tangu 2012 zinatakiwa kuitambua. Ikigundua kwamba filamu ilirekodiwa sinema au ilinakiliwa kutoka diski halisi, inazima sauti, hata kama umeicheza kwa flashi. Fundi hawezi kukutolea hiyo. Diski halisi ya filamu hiyohiyo itacheza mpaka mwisho.

Diski za zamani zinacheza, mpya niliyonunua juzi inakataa kabisa. – Msomaji, Muscat

Deki yako inahitaji kusasishwa. Blu-ray zina kufuli ambalo funguo zake hubadilishwa mara kwa mara, na deki ambayo haijapata programu mpya haiwezi kufungua diski mpya. Iunganishe na intaneti, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kusasisha programu. Kama haina intaneti, chukua namba kamili ya modeli iliyo nyuma ya deki, pakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, liweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 (utaona jina hilo kwenye kompyuta unapoifomati), uichomeke kwenye deki.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya, hapa nawaomba: msianze kazi hii siku umeme unapokatikakatika. Ukikatika katikati ya kusasisha, deki inaweza isiwake tena.

Milipuko inatikisa nyumba, lakini watu wakiongea hatusikii. Tunashinda na rimoti mkononi. – Msomaji, Mwanza

Sauti ya filamu imetengenezwa kwa spika sita au nane, na mazungumzo mengi yanatoka kwenye spika ya katikati. Wewe una spika mbili za TV, au sabufa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya deki. Pale palipoandikwa "Bitstream" weka "PCM", na kama kuna sehemu ya kupunguza idadi ya chaneli, chagua stereo. Kisha tafuta herufi DRC, au maneno "Dynamic Range", uiwashe. Hiyo inashusha milipuko na kupandisha minong'ono. Ukishuka kwenye sabufa yenyewe, punguza besi. Watu wengi wanaongeza besi mpaka mwisho halafu wanailaumu filamu.

Kijana wangu ana PlayStation 4. Je, tunaweza kuchezea diski za 4K, au tununue deki? – Baba wa watatu, Kampala

PlayStation 4 inacheza Blu-ray za kawaida, 4K hapana, hata ile ya Pro. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski inacheza, na Xbox Series X pia. Mkinunua deki ya 4K, hakikisheni tundu la TV mnalochomeka HDMI linakubali HDCP 2.2, yaani kufuli la kuzuia kunakili picha ya 4K. TV za 4K za mwanzoni zilikuwa na tundu moja au mawili tu ya namna hiyo, na ukikosea unaona kioo cheusi au picha ya HD ya kawaida. TV nyingi pia zina mpangilio wa kuruhusu rangi kamili kwa kila tundu, na hutoka kiwandani ukiwa umezimwa. Rangi zikionekana zimefifia, anzeni hapo.

Msisubiri miaka mingi kama mnaitaka kweli. Oppo waliacha kutengeneza deki mwaka 2018, na 2019 Samsung walitangaza kuwa hawataleta tena modeli mpya Marekani. Chaguo linazidi kuwa dogo.

TV yangu ni ya chogo, ina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Deki mpya ya Blu-ray haina matundu hayo. – Msomaji, Kigoma

Na haitakuwa nayo. Masharti ya kufuli la Blu-ray yaliondoa njia hiyo ya picha kwenye deki zilizotengenezwa baada ya 2013. Vipo vibadilishaji vya HDMI kwenda njano, lakini deki inaweza kugoma kutoa picha kupitia kwake, na hata ikikubali utaona ubora wa DVD. Kwa TV hiyo, deki ya DVD inatosha kabisa.

Nina VCD nyingi za taarab na za kwaya ya kanisani kwetu. Deki mpya ya Blu-ray inazikataa. Nimeambiwa nizitupe. – Bibi, Bagamoyo

Shikamoo bibi. Usizitupe. Deki nyingi za Blu-ray hazikuwekewa uwezo wa kusoma VCD, ingawa zinasoma DVD. Tafuta deki ya DVD ya mtumba, hata ya bei ya chini kabisa; karibu zote zinasoma VCD.

Lakini hizo diski zenyewe zinazeeka, hasa za kuchoma, na joto la pwani linaziwahi. Mwombe mjukuu mwenye kompyuta yenye sehemu ya diski azifungue moja moja. Ndani atakuta folda inaitwa MPEGAV, na ndani yake mafaili yanayoishia na DAT. Ayanakili kama yalivyo. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, inayacheza bila kubadilisha chochote. Kila VCD haizidi MB 800 hivi, kwa hiyo flashi ya GB 32 inaweza kubeba diski karibu arobaini. Nyingi za kwaya hazikuwahi kuuzwa dukani, na huenda nakala yako ndiyo pekee iliyobaki, basi aziweke kwenye flashi mbili, moja abaki nayo yeye.