Upinde wa kompaundi usiopiga kelele: nilivyohangaika mpaka nikapata wangu

Asalaam alaykum ndugu yangu wa Muyuni. Umeuliza kompaundi, huu upinde wenye magurudumu madogo nchani, gani haina kelele na ni ya kutegemewa, upige nayo shabaha jioni na siku ukipata kibali ukawatoe nguruwe kwenye muhogo wa mzee wako. Naona wengi wamekutajia majina tu, Hoyt, Mathews, makampuni ya pinde hayo, basi, hamna alokwambia kwa nini. Mie mwaka wa saba huu navuta kompaundi, minne nilikuwa Muscat kikazi na mitatu nipo hapa Dole, Unguja, ntakwambia yalonipata mwenyewe.

Upinde wangu wa mwanzo nilinunua mkononi kwa mtu, umetumika kidogo, na kilichonivutia ni ile karatasi iloandikwa kasi ya mshale, futi 330 kwa sekunde. Nikarudi nao likizo. Ami yangu ana shamba upande wa Kitogani na nguruwe walikuwa wanamfukulia muhogo kila siku, tukaenda ofisi ya misitu tukafuata utaratibu, jioni moja nikapanda dungu nikakaa. Jua limeshazama lakini mwanga bado upo, katoka mmoja kichakani, kasimama ubavu, mita 20 hivi, nikavuta nikaachia. Upinde ukalia TAA kama mtu kapiga kofi bati, na kabla mshale haujafika yule mnyama kashachutama anageuka, mshale ukapita juu ya mgongo ukajichomeka kwenye tuta la viazi. Niliteremka nikauchomoa, nikakaa pale pale kwenye tuta nafikiri, maana mita 20 mie nilikuwa sikosi.

Niliporudi Muscat nikamwadithia mwalimu wetu pale klabu, akanifanyia hesabu mbele yangu na toka siku ile sijatizama tena namba ya kasi. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Mshale wa kompaundi ya kasi ni mita 90 hivi. Kwa hiyo mita 20 sauti inafika kwa sehemu 6 za sekunde ukiigawa mia, mshale unafika kwa sehemu 22. Mnyama anausikia upinde, anashtuka, anakunja miguu, mshale bado uko njiani. Hakuna upinde duniani unaoweza kuishinda sauti yake mwenyewe, khasa ndo ujue futi 20 za ziada zile wanazokuuzia kwa pesa nyingi hazikusaidii kitu, kinachosaidia ni ile sauti iwe ndogo na nzito, iwe "tup" isiwe "taa".

Na ile namba ya karatasini, jua inavyopatikana. Wanapima kwa upinde wa paundi 70, ndo nguvu ya kuuvuta, mvuto wa inchi 30, ndo umbali unaouvuta upote, na mshale mwepesi wa greni 350, greni ni kipimo kidogo cha uzito. Wewe na mie hatuna mikono ya inchi 30 wengi wetu. Wangu wa sasa umeandikwa futi 310, mie navuta paundi 52 kwa inchi 27 na nusu na mshale mzito, nilipoupima kwa mashine napata mita 70 kwa sekunde, na nguruwe anatobolewa vizuri tu.

Sasa kelele inatoka wapi. Nguvu yote unoiweka unapovuta lazima iende mahala, ikiwa mshale ni mwepesi hauwezi kuichukua yote, inobaki inarudi kwenye upinde inakuwa mtikisiko na kelele. Mie ule wa mwanzo nilikuwa nauvuta paundi 60 na mishale ya greni 330, hiyo ni greni 5 na nusu kwa kila paundi, iko juu kidogo tu ya kiwango cha chini kabisa ambacho ni 5, ukishuka hapo unauvunja upinde. Nikapanda mpaka greni 430, yaani gramu 28, kwa paundi 52 hiyo ni greni 8 kwa paundi. Hapa Unguja nilipeleka mishale yangu kwa sonara Darajani anipimie kwenye mizani ya dhahabu, mmoja mmoja, na nikakuta miwili imepishana gramu nzima na yote imetoka boksi moja! Ile miwili naitumia kufundishia watoto. Kubadilisha mshale peke yake kumenipunguzia kelele kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Kitu cha pili ni upinde ukukae. Ule wa mwanzo ulikuwa wa inchi 29 na nusu, mwenyewe alikuwa mrefu, na usingeweza kubadilishwa bila kununua kemu nyengine, yale magurudumu ya nchani. Upote ulikuwa unanipiga mkono wa kushoto mpaka unavimba, na kila unapopiga nguo au mkono hiyo nayo ni kelele na mshale unakwenda upande. Jipime hivi, simama ukutani nyoosha mikono yote miwili kama unataka kuruka, mtu akupime toka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya pili, gawa kwa 2 na nusu. Mtu wa sentimita 175 ni inchi 69 hivi, ukigawa unapata 27 na nusu. Uzito nao usione aibu kuanza chini, kaa kwenye kiti, nyoosha upinde mbele yako, vuta, ukiona lazima uuelekeze juu mbinguni ndo uvute basi huo mzito kwako punguza. Paundi 45 mpaka 55 inatosha kabisa, hata mashindano ya kimataifa ya kompaundi mwisho wao ni 60 na wanapiga mita 50. Na ukishafika mwisho wa mvuto kemu zinakubebea, upinde wa paundi 55 wenye kuachia asilimia 80 unabaki umeshika paundi 11, kilo 5, sawa na dumu dogo la maji, ndo maana unaweza kutulia unasubiri mnyama ageuke.

Kwa hayo yote ushauri wangu kwako unoanza, na uko kisiwani, chukua upinde unaojirekebisha kwa funguo tu bila presi. Hili naliwekea mkazo sana. Presi ni ile mashine ya kubana mikono ya upinde, ile miwili ya juu na chini inayopinda, ili ulegeze upote, hapa Unguja mie sijaona duka lenye nayo, na nshaona mtu anajaribu kubana kwa kamba na kipande cha mti, mkono wa upinde ukafyatuka ukamkosa jicho kidogo tu, usifanye kabisa. Mie natumia Diamond Infinite Edge Pro, unatoka paundi 5 mpaka 70 na mvuto inchi 13 mpaka 31, kwa hiyo unanitosha mie na mwanangu wa miaka 11 anavuta huo huo. Bear Cruzer G2 nao ni hivyo hivyo, 5 mpaka 70, mvuto 12 mpaka 30. Kuna walio kimya zaidi na laini zaidi, sikatai, lakini bei yake ni mara tatu na ukipata tatizo hapa unakaa nao ukutani.

Urefu toka ekseli mpaka ekseli, vile vyuma vinavyoshika kemu, tafuta inchi 31 mpaka 33, mfupi sana unacheza mkononi ukipiga shabaha, mrefu unakwama kwenye dungu na matawi. Nafasi baina ya mshiko na upote iwe karibu inchi 7, ikiwa 6 upinde una kasi lakini hausamehe kosa la mkono. Uwe na kizuizi cha upote, kile kifimbo chenye raba kinachousimamisha upote ukirudi. Kwa shabaha funga stabilaiza, ile fimbo ya kutuliza upinde, ndefu mbele, msituni weka ya inchi 6 au 8, hapo sina mengi.

Kelele ndogo ndogo sasa, na hizi ndo zilizonitoa jasho. Nilifunga kila kitu vizuri bado kuna mlio "zzz" mdogo baada ya kuachia. Usiku nimekaa barazani, nikashika upinde karibu na sikio nikawa naugonga kwa kifundo cha kidole, huku, huku, huku, nikifika kwenye saiti, kile cha kulengea, inalia. Skurubu moja ndogo ya pini imelegea hata nusu mzunguko haifiki. Nikazifungua zote nikatia ile gundi ya buluu ya skurubu, moja moja, kimya. Kwenye resti pale mshale unapolalia nikabandika kipande cha mahameli nilichoomba kwa fundi cherehani jirani, maana ukivuta polepole ule mkwaruzo wa mshale kwenye chuma mnyama anausikia kabla hujaachia. Baadae tena ukaanza mlio mwengine, "kiii" nikivuta, nikautafuta wiki nzima, kumbe ni ekseli ya kemu ya chini imeanza kutu. Chumvi ndugu yangu. Muyuni uko karibu na bahari kuliko mie, kwa hiyo kila ukitumia pangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo, tia sandukuni na vile vipakti vya boksi za viatu vya kunyonya unyevu, na upote upake nta ukiuona umekauka unatoa manyoya. Usiuache ndani ya gari juani. Na agiza upote na keebo, zile kamba nyengine za kwenye kemu, za akiba pamoja na upinde, mie zangu zilibadilishwa Muscat baada ya miaka miwili na nusu, binamu yangu aliuchukua akaurudisha.

Usiachie upote bila mshale, hata mara moja, hata mgeni akiomba ajaribu tu. Mshale wa kaboni ukigonga jiwe ukunje kidogo karibu na sikio, ukisikia unalia vunja utupe, ukipasuka wakati unaachia unaingia mkononi. Shabaha nilianza na gunia la makumbi, mishale ilikuwa inapita mpaka manyoya, nikajaza nguo mbovu za mitumba nimezikanyaga kwa miguu mpaka zikawa ngumu, linakamata safi mwaka wa tatu huu. Nyuma yake nimeweka tuta la udongo, maana huko mashamba watoto wanapita njia yoyote.

Kuhusu kuwinda lenyewe, uko mlangoni mwa Jozani, msitu wa hifadhi. Ndani ya hifadhi usiingie na upinde, na nje ya hifadhi kima punju hata akila maembe yako muache, paa nunga muache, hao wakitoweka hapa ni shida kuwarudisha. Nenda ofisi ya misitu mwanzo, na kabla hujaagiza upinde waulize polisi na forodha wakupe jibu, usisubiri mzigo ukae bandarini. Nguruwe kwa upinde ni mita 20 mwisho, awe ubavu, chembe cha mshale kiwe kikali cha kunyolea, nyuma ya bega. Kama huna hakika usiachie, mnyama aliejeruhiwa akafia kichakani ni dhulma. Na siku ukienda kwa kanga wa kula, taja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia, na chembe kiwe kinatoboa, akifa kwa kupigwa na ubavu wa mshale huyo haliwi.

Nitumie kipimo cha mikono yako na uzito ulioweza kuvuta ukiwa umekaa kitini, usitume pesa popote mwanzo. Na Ijumaa baada ya sala kama una nafasi njoo Dole, gunia lipo na upinde upo, uvute uone.