Perege wa Mtoni: Nyungunyungu kwa Njaa, Chambo Bandia kwa Hasira

Nilipoanza kuvua mtoni nilikuwa narudi nyumbani na kapu tupu na visingizio tele. Mara maji yamechafuka, mara upepo, mara yule jamaa wa upande wa pili anakohoa mno. Kumbe perege walikuwa wanakula chambo changu kila siku. Nilikuwa nawafuga bila kujua! Ndoana yangu ilikuwa kubwa kuliko midomo yao, basi.

Perege si kambare. Kambare anabugia; perege anadonoa, anaonja, anatema, anarudi. Kwa hiyo ndoana iwe namba 8 hadi 12 (namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo, wageni wengi hapo huchanganyikiwa), mshipi mwembamba wa milimita 0.18 au 0.20, na chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) dogo kadiri mkondo unavyoruhusu. Boya nalo liwe jembamba kama kalamu. Nilitumia boya la mviringo misimu miwili, nikiamini hakuna samaki, mpaka siku lilipopotea nikafunga unyoya wa ndege badala yake. Kutupa mara ya kwanza, unyoya ukaanza kutetemeka. Ukatulia. Kisha ukaanza kutembea taratibu kuelekea mkondo unakotoka. Nilikodoa macho tu, maana sikuwahi kuona boya likipanda mto. Nilipozinduka na kuvuta, samaki alikuwa keshaondoka, lakini tangu hapo nimeacha kungoja boya lizame. Likienda kinyume na maji au likisogea pembeni ghafla, inua ufito. Inua tu kwa kiganja. Ukiukwapua kwa mkono mzima utamchana mdomo.

Kwa chambo hai sijapata cha kumshinda nyungunyungu. Chimba penye udongo wenye unyevu, chini ya majani yaliyooza, uwaweke na udongo wao kwenye kopo lililotobolewa kifuniko, kivulini. Kosa la wengi ni kumtunga mzima, ananing'inia kama kamba ya kiatu. Perege anakamata mkia, anavuta, anakuachia ndoana. Kata kipande cha sentimita mbili hivi, kivishe mpaka kifunike ndoana, ubakize kijimkia kidogo kinachochezacheza. Panzi wadogo nao wanafaa, hasa chini ya miti iliyoinamia maji, kwa sababu hapo samaki wamezoea kudondokewa na wadudu.

Mahali pa kutupa ndipo penye kazi yenyewe. Perege hapendi kupigana na mkondo siku nzima. Mtafute pale maji yanapopumzika: nyuma ya gogo lililozama, pembezoni mwa matete, upande wa ndani wa kona ya mto. Mimi hutazama ule mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji tulivu, mara nyingi povu na vijani huuchora wazi. Tupa juu kidogo ya hapo, upande mkondo unakotoka, uache mkondo wenyewe ulete chambo mezani. Na usisimame ukingoni kama mnara. Kivuli chako kikilala juu ya maji mafupi, na miguu ikipiga kishindo, waliokuwepo watahama kabla hujafungua kopo.

Joto la maji nalo si la kudharau. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi perege hupoa kabisa, hana hamu. Msimu wa baridi sihangaiki na alfajiri, naenda jua likishachomoza vizuri na kupasha maji mafupi. Msimu wa joto ni kinyume: mapema asubuhi, halafu jioni.

Sasa chambo bandia. Nilikidharau muda mrefu kwa hoja niliyoiona haina jibu: perege wengi wa jenasi ya Oreochromis hula mwani, mabaki ya mimea na vijidudu, sasa wakimbize kijiko cha bati (chambo bandia chenye umbo la kijiko) cha nini? Jibu ni hasira. Wakati wa kuzaliana dume huchimba kiota, kisahani cha mviringo kwenye mchanga wa maji mafupi, na chochote kinachokatiza karibu anakigonga. Hana njaa hata kidogo, anafukuza mwizi. Wapo pia binamu zao wawindaji wa kweli, kama nembwe (Serranochromis robustus) wa Zambezi ya juu na Okavango, mwenye mdomo mpana na anayekula samaki wenzake. Huyo kijiko anakifuata kwa njaa, na hata kisamaki hai kilichotungwa mdomoni anakichukua. Ila visamaki hivyo vikamatwe mto uleule na mabaki yasimwagwe mto mwingine, na uulize kwanza kama sheria ya mahali inaruhusu.

Chambo bandia changu ni kidogo, gramu 2 hadi 4: kijiko chembamba, au kile chenye kibati kinachozunguka. Tupa kipite gogo, kiache kizame, kisha zungusha rili (gurudumu la kukunjia mshipi) polepole kuliko unavyodhani inafaa. Simama. Zungusha tena. Mara nyingi anapiga pale unaposimama, au unapoanza upya.

Siku moja nilimtoa jike kwa kijiko, amenasa pembeni mwa mdomo. Nilipomweka kiganjani akafungua kinywa, na vikatoka vitoto, vidogo kama punje za ulezi zenye macho, vikatapakaa kwenye vidole vyangu na kwenye majani. Majike wa Oreochromis hubeba mayai na vitoto kinywani. Nilivikusanya nilivyoweza, nikamrudisha majini, lakini sijui vingapi vilipona. Tangu hapo nikiviona visahani kwenye mchanga nahamia kwingine. Na kwa wale wanaotaga chini na kulinda, kama Coptodon rendalli mwenye kifua chekundu, hali ni mbaya zaidi: ukimtoa mlinzi, jirani zake huja kula mayai mara moja. Wengine wataniona mlaini. Sawa, wanione.

Kumshika kuna namna yake. Miiba ya pezi la mgongoni inachoma kama sindano, kwa hiyo lowesha mkono kwanza, anzia kichwani na uteleze kiganja kuelekea mkia ili mapezi yalale. Kibano chembamba cha kung'olea ndoana kiwe mfukoni, si ndani ya begi.

Siku hizi naanza na nyungunyungu na boya. Likitetemeka sehemu mbili tatu, najua wamejipanga wapi. Nikishapata wawili watatu wanaanza kushtuka, hapo ndipo nafunga kijiko na kukipitisha palepale kwenye mstari wa povu, taratibu, kwa ajili ya yule mkubwa aliyekuwa akiwatazama wenzake wakila. Nusu saa ikipita bila mtikisiko, nabeba kopo langu na kupanda kona inayofuata.