Barua kwa mwanangu: dhahabu juu, ubao chini

Mwanangu Neema,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Unasema ulisimama mbele ya Injili za Lindau, kile kitabu cha Injili kilichoandikwa kwa mkono na kuvikwa jalada la dhahabu na vito, pale makumbusho ya Morgan Library, New York, ukasoma kwamba jalada la nyuma ni la mwishoni mwa karne ya 8, ilhali maandishi na jalada la mbele ni vya karne ya 9. Ukajiuliza kitabu kimoja kinawezaje kuwa na kisogo kizee kuliko uso. Halafu unataka kujua kama ubao mnene na vifungo vya vitabu vile vilikuwa urembo tu. Nianze na hili la pili, maana la kwanza litajibika humo humo.

Unaijua ngoma iliyolala nje usiku wa umande. Asubuhi imelegea, haitoi sauti mpaka ioteshwe moto. Ngozi ya kuandikia ya zama zile ni ndugu wa hiyo ngoma, kwa sababu nayo haikudabighiwa. Ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi ililowekwa kwenye maji ya chokaa siku 3 hadi 10, ikakwanguliwa manyoya kwa kisu butu, kisha ikawambwa kwenye fremu ya mbao. Ukingo wake haukutobolewa, kwani tundu lingechanika ngozi ikianza kukaza. Fundi alikunja kokoto ndani ya ukingo, akaifunga kwa kamba, na kamba akaipeleka kwenye kigingi cha fremu. Kadiri ngozi ilivyokauka alizungusha vigingi na kuikwangua kwa kisu chenye umbo la mwezi mchanga, kwa kuwa kisu chenye ncha kingeitoboa. Hata hivyo matundu yalitokea. Kovu dogo la kuumwa na mdudu mnyama akiwa hai huvutika likawa duara la kupitisha kidole, na mwandishi hakuitupa ngozi: maneno aliyapitisha kando ya tundu akaendelea. Ngozi ilikuwa mali. Biblia iitwayo Codex Amiatinus, iliyoandikwa kaskazini mwa Uingereza kabla ya mwaka 716, ina karatasi za ngozi zaidi ya 1,000 na uzito wa karibu kilo 34. Hesabu mwenyewe ni zizi gani hilo.

Sasa, kilichoinyoosha ngozi hiyo ni mvuto na kukauka tu. Ikipata unyevu inataka kurudi ilivyokuwa mgongoni mwa ndama. Karatasi moja ya ngozi hujikunja kidogo. Karatasi 200 zikijikunja pamoja hufumua kitabu kama mandazi kwenye mafuta. Ndiyo kazi ya ubao na vifungo: kukandamiza. Ukifunga jalada ukabana vifungo, ngozi haina pa kwenda. Vifungo vikipotea na kitabu kikaachwa wazi miaka mingi, ukingo wa mbele huvimba, kurasa hupata mawimbi, na rangi iliyokaa juu ya ngozi hupasuka na kudondoka, kwa sababu rangi haivutiki kama ngozi. Misahafu ya kale ya Siyu, kule kisiwani Pate, haikuhitaji mzigo wa namna hiyo. Iliandikwa kwenye karatasi ya kweli, si ya ngozi, na hiyo haina ukaidi huo.

Ushonaji ndio uti wenyewe, na hapo ndipo watu hawatazami. Kwa kawaida vipande 4 vya ngozi vilipangwa na kukunjwa katikati, vikatoa karatasi 8. Walipanga upande wa manyoya uelekee upande wa manyoya, na upande wa nyama uelekee wa nyama, maana ule wa kwanza ni wa manjano zaidi na mara nyingi una vitundu vya vinyweleo. Ukichanganya, kila ukifungua unaona kurasa mbili zisizofanana rangi. Mafungu hayo yalishonwa kwa uzi kupitia kwenye mkunjo. Njia ya zamani, ya Misri na Ethiopia, ni uzi wa fungu hili kujinasa kwenye mshono wa fungu lililotangulia, bila ukanda wowote mgongoni. Injili ndogo ya Mtakatifu Cuthbert ya mwanzoni mwa karne ya 8, yenye milimita 138 kwa 92 tu, imeshonwa hivyo na bado imo katika jalada lake la kwanza la ngozi nyekundu. British Library iliinunua mwaka 2012 kwa pauni milioni 9, na haina hata chembe ya dhahabu juu yake!

Vitabu vikubwa vya enzi za wafalme wa Kifaranki vilishonwa kwa namna nyingine. Uzi ulizungushwa kwenye kanda au kamba zinazokatiza mgongo, na ncha zake zikapitishwa kwenye mifereji iliyochimbwa ndani ya ubao, mara nyingi wa mwaloni, zikakazwa kwa vigingi vidogo vya mti. Ni imara sana, ila ina pahali pake pa kufia: pale ubao unapokunjuka, kama bawaba. Kila ukifunguliwa ukanda unapinda palepale, na ubao ukiwa umebeba chuma na vito, uzito wote unaning'inia hapo. Kwa hiyo vitabu vya namna hii vililazwa, havikusimamishwa.

Dhahabu ilikuja mwisho kabisa, tena kwa mikono ya mtu mwingine. Aliyeshona si sonara. Sonara alifua bati jembamba la dhahabu kwa nyuma mpaka sura zikachomoza mbele, akatengeneza vikombe vya vito, kisha akaligongomea bati lile kwenye ubao kwa misumari midogo. Kilichogongomewa hung'oka. Umepata jibu la swali lako la kwanza: jalada la nyuma la Lindau lilitangulia maandishi kwa takriban miaka 100, kwa hiyo halikutengenezwa kwa ajili ya kitabu hicho. Watu waliopata bamba zuri hawakuliacha likae bure. Mimi hili halinikeri; linalonikeri ni maelezo ya makumbusho yanayotaja tarehe moja kwa kitabu kizima.

Na kilichong'oka huibwa. Injili za Lindisfarne, kitabu kingine cha kaskazini mwa Uingereza, zina maandishi ya karne ya 10 ya padri Aldred yanayogawa kazi waziwazi: Eadfrith aliandika, Ethilwald alijalidi, Billfrith mkaa pweke akapamba kwa dhahabu, vito na fedha iliyopakwa dhahabu. Kazi ya Eadfrith ipo. Ya Billfrith imetoweka, na jalada la vito unaloliona leo ni la katikati ya karne ya 19. Kitabu cha Kells, Injili za Ireland, nacho kiliibwa kanisani mwaka 1007, kikapatikana baada ya miezi miwili na siku 20 kimefunikwa kwa bonge la majani na udongo, dhahabu imebanduliwa. Mwizi alijua thamani ya nini, Injili hakuihitaji.

Kuhusu Ethiopia uliyoigusia mwishoni: ndiyo, Injili za Abba Garima, karibu na Adwa, ni miongoni mwa vitabu vya Injili vya kale zaidi vilivyobaki. Vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya takriban mwaka 390 na 660, na mojawapo ina jalada la ubao lililofunikwa kwa shaba iliyopakwa dhahabu.

Ukirudi pale Morgan, usianze na Kristo na malaika wa dhahabu wa mbele. Inama hadi macho yako yawe usawa wa meza ya kioo, utazame jalada kwa ubavu. Utaona vito havikukatwa pembe pembe, vimesuguliwa tu vikawa mviringo, na vingine vimenyanyuliwa juu ya vijiguzo ili mwanga uingie kwa chini. Kisha tafuta vichwa vya misumari pembezoni, unene wa ubao, na kama kuna mwanya kati ya ubao na karatasi. Niandikie umeona nini.

Mama yako