Vinyama sehemu za siri: usimhukumu mumeo bado

Dada, umesema umeota vinyama vidogo sehemu za siri, vimeshikana kama koliflawa, haviumi, na sasa unamshuku mumeo. Pole. Huenda ni masundosundo, yaani chunjua za sehemu za siri, ila nenda kwa daktari athibitishe. Mara nyingi huyatambua kwa kuyatazama tu, bila kipimo cha damu.

La mumeo liweke kando kwanza. Masundosundo huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono, hasa aina ya 6 na 11. Virusi hivyo hukaa mwilini kimya kwa miezi, wakati mwingine miaka, ndipo vinyama vichomoze. Nani alimwambukiza nani, huwezi kujua.

Tafadhali usipake dawa ya chunjua za mikononi (wala siki!), utaunguza ngozi. Hospitali kuna dawa za kupaka, kugandisha kwa baridi kali, kuchoma au kukata. Masundosundo yanaweza kurudi, hasa miezi ya mwanzo. Kama una mimba sema mapema, maana baadhi ya dawa hizo hazifai.

Kondomu hupunguza hatari, ila haifuniki ngozi yote. Na aina hizo mbili za HPV, 6 na 11, si zile zinazoleta saratani ya shingo ya kizazi, lakini kipimo chake usikiache.