Kabla hujahitimu umeme, jifunze kupima

Mdogo wangu, umeuliza mwanafunzi wa uhandisi umeme hapo Dodoma ajiandaeje na kazi. Saitini hakuna atakayekuuliza GPA, utapewa mega, kifaa cha kupima kama insulesheni ya waya ni nzima. Zima meni swichi, hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, chomoa taa na vifaa vyote vya kielektroniki (ukisahau, volti 500 za DC zinaviua), unganisha laivu na nyutro, kisha pima dhidi ya ethi (waya wa ardhini). Ukipata chini ya megaomu 1, tafuta waya uliochubuka au boksi lililoingia maji. Ethi rodi, ile nondo inayochimbiwa ardhini, nayo ipime Oktoba, siyo Februari: udongo wa Dodoma ukikauka ukinzani hupanda, na namba nzuri ya wakati wa mvua inakudanganya.

Fildi (mafunzo kwa vitendo) omba mapema kwenye kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, au SGR, reli ya kisasa ya umeme, ukitaka kuona kilovolti 25 kwenye waya unaopita juu ya reli.

Ukihitimu, jisajili ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama mhandisi mhitimu, uombe SEAP, mpango wake wa mafunzo kazini kwa wahitimu, na logibuku uijaze kila wiki. Leseni ya kufunga umeme majumbani hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ni kitu kingine kabisa; wengi huchanganya.